Bega la Mbuzi Kule Mutuini

Hii aibu acheni niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wakwe zangu wa Mutuini, maana wao huongeza chumvi.

Mnajua mimi ni Mluhya wa Kangemi, fundi wa kupiga tiles, na Njeri wangu ni Mkikuyu. Kwao ndoa haijakamilika mpaka bwana harusi akate bega la mbuzi mbele ya wazee, bega zima la kuchomwa, halafu amlishe bibi kwa mkono wake. Njeri alinieleza yote, nami nikaitikia tu "sawa, sawa" huku nikitazama mpira (hapo ndipo shetani alipoingia). Asubuhi ya siku yenyewe, mwenye bucha aliyenichomea hilo bega akanyoosha panga akaniuliza, "Nikukatie?" Na mimi, kwa kuwahurumia wazee wasio na meno, nikamwambia katakata kabisa, vipande vidogo vidogo.

Basi tumefika, hema limejaa, akina mama wamepiga vigelegele wamemaliza, Mzee Karanja, baba mkubwa wa Njeri, akafunua sinia. Akatazama, akatazama tena.

"Kijana, bega liko wapi?"

"Ndilo hilo, mzee. Nimelirahisisha."

"Bila bega hakuna bibi," akasema. "Mrudi siku ingine."

Nikamwona Njeri machozi yanamlengalenga, nikajiona mjinga wa mwisho Nairobi hii. Nikavua koti nikamwambia mzee anipe dakika kumi. Nikapiga magoti mbele ya ule umati wote, nikaanza kupanga mifupa, huu uingie hapa, huu ukae pale, nyama nikiishikilia kwa vijiti vya meno, jasho linanitoka, watu wananirekodi kwa simu (na shemeji ndiye aliyekuwa mbele kabisa). Bega likarudi, isipokuwa pengo moja katikati. Kugeuka hivi, mjomba wangu Wafula anatafuna.

"Nilikuwa naonja tu," akasema, akautoa mfupa mdomoni.

Mzee Karanja alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Akasema tangu azaliwe hajaona mtu akitafuta msichana wao kwa bidii namna hiyo, kisha akanipa kisu. Nikakata, Njeri akala kutoka mkononi mwangu, akina mama wakaanza upya, nami nikalia kama mtoto, sifichi.

Nimeapa, jambo la ukwe nisilolijua nitauliza hata mara tatu. Lakini hiyo video waacheni waitume wanakotaka. Mke nimepata.