Kiko cha Mama na Tumbaku ya Waridi

Mchungaji wetu hapa Mbeya ananijua. Kila tukifika kwenye Sala ya Bwana, pale pa kuwasamehe waliotukosea, hunitupia jicho, nami huangalia dirishani. Siyo kwamba sisali. Nasali sana. Ila kuna mtu mmoja namruka kwa makusudi, na mtu huyo ni kaka yangu wa tumbo moja, mwenye kiwanda cha kupasua mbao Mafinga. Aliharibu kiko cha mama. Nikiwaambia watu hivyo wanacheka, wanasema si ununue kingine. Ndiyo maana nimeamua kuandika, kwa kuwa kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Mimi ni fundi cherehani, nina wajukuu, naimba sauti ya pili kwenye kwaya, na navuta kiko. Wanawake wa rika la mama walivuta kiko mchana kweupe na hakuna aliyewashangaa. Mimi nikikitoa naonekana kituko, kwa hiyo huvutia uani, nyuma ya kamba ya nguo, shuka zikinisitiri.

Nilianza kwa kutumwa. Kwetu ni kijiji kilichoko njia ya kwenda Idodi, na mama akishamaliza kazi alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko akaniambia, "Niwashie." Nilijaza tumbaku, nikaokota kaa la moto kwa vidole harakaharaka, nikaliweka juu na kuvuta mara mbili tatu mpaka ishike, ndipo nikampelekea. Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa ya binti. Kaka hakuwahi kuifanya hata siku moja. Akipita alikuwa akiziba pua na kusema jiko linanuka gunia lililolowa.

Tumbaku yenyewe mama aliilima, mashina machache nyuma ya jiko. Majani aliyakausha, akayapaka asali kidogo, akayasokota yakawa msokoto mnene kama mkono wa mtoto, akayafunga kwa kamba ya mgomba na kuyaning'iniza darini juu ya moto. Huko yalikula moshi miezi na miezi. Harufu yake ilikuwa ya kuni, ya asali iliyoungua kidogo, na kitu kingine ambacho mpaka leo sina jina lake. Ilikuwa kwenye khanga zake, kwenye nywele zake, kwenye Biblia yake.

Alipougua mara ya mwisho alinipa kiko na misokoto mitatu iliyobaki. Kichwa cha kiko ni cha mti mgumu, mrija ni wa mwanzi, na palipong'atwa na meno yake pana mashimo mawili madogo. Aliniambia, "Umeniwashia tangu mdogo. Chukua." Kaka alipewa nyumba na kiwanja. Hatukugombana. Matanga yalipoanuliwa alibomoa jiko, akang'oa yale mashina ya tumbaku na kupanda misindano, miti ya mbao. Hilo nalo nililimeza. Nilikuwa na kiko changu.

Nilikivuta Jumapili tu, baada ya ibada, tena kidogo, misokoto isiishe upesi. Siku nyingine nilikinusa bila kuwasha. Nikikiweka puani, mama alikuwa hapo, na khanga yake na kigoda chake. Sina picha yake nzuri. Sina sauti yake kwenye simu. Nilikuwa na hicho tu.

Kaka yeye alianza kuvuta kiko uzeeni, kwa ufahari. Wateja wake wa mbao waliokuwa wakisafiri nje walimletea tumbaku za kwenye makopo, zenye manukato ya kila aina, na nilipokwenda kumtembelea tulikaa barazani kwake tukizionja. Sitasema uongo, nilifurahia. Ilikuwepo ya vanila, nikamwambia naona navuta keki. Ilikuwepo ya mnanaa iliyoniwasha pua mpaka nikapiga chafya tisa. Ilikuwepo ya matunda ambayo nzi waliipenda kuliko sisi. Tulicheka sana siku zile, lazima niseme hivyo ili ijulikane kwamba sikuzaliwa nikimchukia.

Ni yeye aliyenifundisha sheria. Tumbaku yenye manukato makali, alisema, haitoki kwenye kiko. Mti unainywa. Ukishaivuta humo mara moja, kila utakachojaza baadaye kitanukia hiyo hiyo. Kwa hiyo kila tumbaku kali aliipa kiko chake peke yake. Alichonga kibao cha msindano chenye matundu sita, akapanga viko vyake, na chini ya kila kimoja akabandika karatasi yenye jina la tumbaku. Cha mwisho kulia kilikuwa cheusi, kimesuguliwa mpaka unajiona, kina pete ya fedha shingoni. Hicho hakikupewa manukato yoyote. Kilikuwa cha tumbaku tupu, safi, na alikivuta Jumamosi jioni tu mashine zikishazimwa. Hakuna aliyeruhusiwa kukigusa, hata wifi yangu alikipangusa vumbi kwa ruhusa.

Sasa sikilizeni alichofanya mtu huyo mwenye sheria.

Binti yake wa mwisho alipata kipaimara, nikaenda Mafinga kusaidia kupika. Mkoba wangu niliuacha barazani, kiko cha mama kikiwa ndani, kimefungwa kwenye kipande cha khanga yake. Nilikuwa nimeinamia sufuria ya pilau, macho yananitoka machozi kwa moshi, nikasikia harufu ya bibi harusi. Waridi, marashi, sabuni ya kuogea, vyote pamoja. Nikadhani wageni wameanza kufika.

Nikatoka. Kaka alikuwa amekaa, miguu juu ya stuli, kopo jipya lenye picha ya waridi liko pembeni yake, na mdomoni ana kiko cha mama.

Nilimwuliza, "Kaka, hicho ni nini?"

"Tumbaku mpya hii, mdogo wangu. Kali balaa! Sina kiko kitupu, sasa nikaona nisiharibu changu. Nimeionja kwenye hiki kizee chako."

Alisema hivyo hivyo. *Nisiharibu changu.* Kwa hiyo alijua. Alijua kuliko mtu yeyote Mafinga nzima kwamba kinaharibika, akachagua kipi kiharibike.

Nilikinyang'anya kikiwa bado cha moto, kikaniunguza kiganja. Nililia mbele ya wazee wa kanisa waliokuwa wanaingia getini. Yeye akawaambia, "Mwacheni, moshi wa jikoni huo." Halafu akaniinamia, "We unalia kisa kiko? Kioshe na pombe kitakaa sawa."

Nilirudi Mbeya nikakiosha. Nilikijaza chumvi nikamimina pombe kali, nikakiacha siku mbili. Nikakijaza unga wa kahawa. Nikakianika juani, nikakisugua kwa majivu, nikakiweka darini kwa jirani anayepikia kuni. Waridi halikutoka. Mwishoni nikakata kipande cha msokoto wa mama, nikajaza, nikawasha. Ilikuja harufu yake, ndiyo, lakini imepakwa marashi, kama mama amelazimishwa kuvaa nguo ya mtu mwingine. Nikakizima. Nilikaa nyuma ya shuka zangu na hasira yangu, na sikuona haya kuitwa mwenye kinyongo, kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho.

Kwanza nilifikiria kuvunja kile kiko chake cheusi. Nikaona hapana. Kiko kikivunjika mtu hununua kingine, kama wanavyoniambia mimi. Nilitaka abaki nacho. Nilitaka kila Jumamosi akiwashe na kila Jumamosi kimuudhi, mpaka afe. Nikatafuta ni harufu gani anayoichukia kuliko zote duniani, wala sikutafuta mbali. Gunia lililolowa, alivyoliita jiko la mama. Msokoto mmoja ulikuwa umebaki, na kwenye kiko kilichoharibika haukuwa na kazi tena. Nikaufunga kwenye gazeti nikapanda basi.

Nilijua wiki hiyo angekuwa Mgololo, ana shughuli za magogo huko, arudi Jumamosi. Wifi alinipokea vizuri. "Kamwene, wifi," akanisalimu, akanipa chai. Alipoingia ndani nikakitoa kile kiko cheusi kwenye kibao, nikakaa kwenye kiti cha kaka, nikaweka miguu juu ya stuli yake, nikajaza tumbaku ya mama na kuwasha.

Ile raha siwezi kuieleza mkakubali kwamba nasali. Nilivuta polepole nikamuombea mabaya. Nilikivuta Alhamisi mara tatu, Ijumaa mara nne, Jumamosi asubuhi mpaka msokoto ukaisha wote na vidole vyangu vikawa vya njano. Kila kilipopoa nilikiacha kipumzike kidogo nikajaza tena, nitie moshi ndani ya mti kabisa. Ijumaa wifi alitoka na beseni la nguo akaniona. Akakitazama kiko, akanitazama mimi.

"Wifi," akasema, "mi sijaona kitu. Nilikuwa naangalia mbuzi wa jirani."

Jumamosi jioni kaka alirudi. Alioga, akatoka barazani na kopo lake la tumbaku safi. Nilikuwa nimekaa mkekani nachambua mchele ulioshachambuliwa. Akajaza, akashindilia kwa kidole gumba, akawasha. Akavuta mara moja.

Akakitoa mdomoni. Akakitazama. Akavuta tena.

Nikangoja tusi. Nilikuwa nimeshaandaa jibu, nimelirudia njia nzima tangu Mbeya: *Kioshe na pombe, kitakaa sawa.*

Kaka akamwaga ile tumbaku yake yote chini, bado inawaka, akaikanyaga. Akaingiza pua ndani ya kichwa cha kiko akabaki hivyo. Nikaona mabega yanacheza. Nikadhani anacheka. Alipoinua uso, yule mzee mwenye kiwanda, mwenye sauti inayozidi msumeno, alikuwa analia kamasi zinamtoka.

"Jikoni kwa mama," akasema. "Mdogo wangu, hii ni jikoni kwa mama."

Mchele ulikuwa unanimwagika mapajani.

"Nilibomoa lile jiko," akasema, "sikulala mwaka mzima. Nilirudi pale kutafuta hata jani moja nikakuta nilishang'oa yote. Nikaona haya kukuomba. Na siku ile nimekuharibia chako, nikasema huyu sasa hatanisamehe. Kumbe umekuja kunitengenezea changu." Akapiga magoti na ule mwili wake mkubwa, kaka yangu mkubwa, akanishika mikono yote miwili. "Asante, dada. Mungu akubariki."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni, sijui kama alikuwa analia au anazuia kicheko. Niliitikia. Nikasema, "Asante na wewe." Ni maneno machungu kuliko dawa yoyote niliyowahi kunywa.

Asubuhi yake, kabla ya kwenda kanisani, alitoa karatasi mpya, akaandika kwa herufi kubwa MAMA, akaibandika chini ya kile kiko. Nilimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba tungeweza kubadilishana, yeye achukue kiko chenye meno ya mama, mimi nichukue hiki cheusi. Alitikisa kichwa. "Hapana. Hiki hakitoki hapa. Na hakuna kitakachowekwa humo tena, wala hakivutwi. Unaijua sheria, dada, mti unakunywa." Halafu, kwa upendo, akanikabidhi lile kopo la waridi, lilikuwa bado zaidi ya nusu. "Chako kimeshaizoea hii," akasema. "Nenda nayo."

Nililichukua. Sasa Jumapili, nyuma ya shuka, navuta waridi kwenye kiko chenye mashimo mawili ya meno. Jirani zangu wanasema siku hizi moshi wangu unanukia vizuri. Hasira haijapungua hata tone. Kila nikifikiria zile siku tatu nilizokaa kwenye kiti chake, nikimtia mama yangu mzima mpaka kipande cha mwisho ndani ya kiko cha kaka kwa mikono yangu mwenyewe, natamani kupiga ukuta.

Kila mwisho wa mwezi napanda basi kwenda Mafinga. Kaka anafurahi, anadhani tumepatana. Tukishakula, anakwenda kwenye kibao, anakitoa kile kiko kwa mikono miwili na kuniletea hadi usoni. Hanipi nikishike, anakishika yeye, anaogopa kitaanguka. Anahesabu pumzi tatu ili kisiishe harufu. Nami ninayemruka kwenye sala huinama mbele yake, nanusa mara tatu, kisha namwambia asante.