Mnoaji wa Kisu cha Wembe

Wawindaji wote wa upande wetu walimwita baba yangu Wembe. Jina hilo alilipata kwa kuchuna. Akimlaza swala kwenye majani, ngozi inatoka nzima kama koti linalovuliwa, haina tundu, nyama haijachanika na utumbo haujaguswa. Watu walimwita hivyo hata barabarani, naye aliitika kwa kutikisa kichwa tu, maana ni mtu wa maneno machache, asiye na makuu. Sasa acha niseme ukweli wa nyumbani kwetu, umenikaa kooni vya kutosha. Baba hajui kunoa. Hajui kabisa. Mpe kisu na kinoo, atakisugua kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua, na akimaliza hakikati hata siagi. Aliyekuwa akikinoa kisu cha Wembe ni mama.

Mama ni binti wa muuza nyama. Alikulia nyuma ya bucha, na kabla hajajua kusoma alishajua kisu kinachokata na kisu kinachojifanya kukata. Hapo buchani ndipo baba alipomkuta. Alikuja na kisu kiunoni, akaomba kuazima kinoo, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa na kuanza vituko vyake. Mama alivumilia, alivumilia, mwisho uvumilivu ukamwishia.

“Kaka, unakinoa au unakipapasa? Lete hapa.”

Baba mwenyewe hutusimulia kwamba baada ya siku ile alikuwa akikisugua kisu kwenye jiwe la barabarani, makusudi, kiwe butu, apate sababu ya kurudi. Babu yangu mwenye bucha alishangaa ni kijana gani huyu anayemaliza makali upesi hivyo. Walipooana, zawadi yao kutoka kwa babu ikawa kisu cha kuchunia, cha chuma cha zamani, na kinoo.

Kisu kile kilikuwa kizuri na kilikuwa msumbufu. Kilishika makali vizuri sana, na kutu pia kilishika. Ukikiachia tone la damu usiku, asubuhi kina madoa. Kwa hiyo baba akirudi kutoka porini, mama anakipokea kabla hata ya kumpokea mwenyewe. Anakiosha, anakikausha, anakipaka mafuta kidogo. Hata msimu ukifungwa alikuwa akikitoa kwenye ala na kukikagua. Kisha kunoa: anakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anatandika kitambaa kibichi ili kinoo kisiteleze, anakilowesha, halafu anakilaza kisu kwa mlalo ule ule, upande huu, upande huu, kwanza kwenye uso unaokwaruza, kisha kwenye uso laini, na mwisho anakipitisha kwenye mkanda wa ngozi wa zamani. Mimi ni fundi cherehani, chumba cha mbele ndicho karakana yangu, na nilizoea kumwona akija kunyang'anya kipande cha karatasi ya kuchorea mitindo. Anaining'iniza karatasi kwa vidole viwili, anashusha kisu. Karatasi ikilia, anarudi ngazini. Ikipasuka kimya, anasema, “Kimeiva.”

Kisha vidole vikaanza kumsumbua. Mwanzoni ni asubuhi za baridi tu, mpaka avitie kwenye maji ya moto ndipo vilegee. Baadaye viungo vikavimba na ngumi ikawa haifungi. Daktari wa zahanati alimwambia apunguze kazi za kukamata vitu kwa nguvu. Mama aliitikia vizuri sana, akarudi nyumbani, akakamata kisu. Mpini wake ulikuwa wa mti, mwembamba, umelainishwa na mikono ya miaka yote ile, na ili usimponyoke ilibidi aukaze kwa vidole vyote. Nilikuwa nikimsikia kutoka kwenye cherehani. Kinoo kinasema, kinanyamaza, kinasema tena. Kwenye ule ukimya alikuwa anapuliza vidole.

“Mama, acha hicho kisu.”

“Shona nguo za watu.”

Siku moja nilimbana. Nikamwambia siku hizi kuna visu visivyotaka kazi, visivyoshika kutu, baba anunue kimoja mambo yaishe. 

“Mwanangu, kupika, hata jirani anaweza kumpikia. Kufua, wapo wanaofua. Hiki ndicho kitu pekee ambacho baba yako hakipati kwa mtu mwingine. Siku akileta kisu kisichonihitaji, nitajua kazi yangu kwenye nyumba hii imekwisha.”

Nilitaka kucheka, nikaona macho yake, nikakimeza kicheko.

Baba naye hakuwa kipofu. Alikuwa akiona zile chupa za dawa ya kuchua, na alikuwa akisikia ule ukimya kama mimi. Ila badala ya kuzungumza na mkewe kama binadamu wengine, alifanya ujanja wake. Siku moja kabla ya safari ya porini alikichukua kisu kimyakimya, akampelekea fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye ile mashine inayorusha cheche. Kikarudi kinang'aa ajabu. Baba akamwambia mama kwamba safari hii makali ya mwezi uliopita bado yanatosha, apumzike. Mama alifurahi, maskini. Alidhani kazi yake ndiyo iliyodumu.

Mashine kama ile inakiunguza kisu. Chuma kikipata moto kupita kiasi, makali yake yanakufa. Asubuhi yanakata, mchana hayapo. Kule porini baba alianza kuchuna vizuri, na kabla ya kufika mgongoni kisu kikagoma. Akawa anakwangua, anavuta, ngozi ikapasuka vipande viwili. Wenzake wakaangua kicheko. “Leo Wembe kawa msumeno!” Haya aliyatusimulia kiongozi wa wawindaji, dereva mmoja wa lori, mdogo kwa baba lakini mwenye sauti kubwa kuliko lori lenyewe, alipotuletea fungu letu la nyama. Akaongeza, kwa upole kadiri anavyoweza, kwamba kama Wembe amechoka si vibaya mwingine akachukua kazi ya kuchuna. Baba alikuwa anatazama sakafu.

Mama alikipokea kisu, akaenda kukiosha. Muda si muda nikasikia maji yamefungwa.

“Mzee! Njoo hapa. Kisu hiki kimelala wapi?”

Niliacha pindo la gauni la watu nikasogea mlangoni. Mama alikuwa amekiinua kisu kwenye mwanga wa dirisha, na kwenye ukingo wa makali palikuwa na mstari wa bluu, alama ya moto.

“Kimelala… kwenye ala,” alisema baba.

“Nani amekishika?”

Baba akapatwa na kigugumizi. Jasho jembamba likamtoka. Wallahi, mwanamume aliyefumaniwa asingekuwa na sura ile.

“Fundi wa kuchomelea. Mara moja tu. Nilitaka upumzike.”

“Umekipeleka nje! Kisu cha baba yangu, umekipeleka kwa mtu wa mashine!”

Ilibidi niuume mkono wangu nisicheke. Lakini hasira ya mama haikudumu. Alikaa kwenye ngazi yake, kisu mapajani, na ikageuka machozi. “Ungeniambia tu,” alisema. “Ungeniambia kwamba mikono yangu haifai tena.” Baba alisimama pale kama nguzo. Na mimi hamu ya kucheka ikaniisha kabisa.

Kisu kile hakikuwa tena cha porini. Asubuhi baba akanijia karakanani amevaa kofia yake ya kutokea. “Twende dukani. Wewe mambo ya mikasi unayajua, utanisaidia kuchagua.”

Nilikuwa nimefura. Njia nzima nilimpa vidonge vyake. Nikamweleza neno kwa neno alichosema mama juu ya kisu kisichomhitaji. Nikamuuliza kama anataka kumuua mkewe kwa kisu bila hata kumgusa. Baba alisikiliza yote, akasema, “Angalia gari,” tukavuka barabara.

Muuzaji wa duka la vifaa vya uwindaji alikuwa na maneno matamu kama mtu anayeposa. Akatoa kisu cheusi, kizito, akakilaza juu ya kitambaa.

“Hiki, mzee, ni kiboko. Chuma kigumu, hakishiki kutu. Msimu mzima unachuna, hukinoi.”

“Na makali yakija kuisha?”

“Ah, hapo kidogo kina kazi. Chuma kigumu hakinoleki kirahisi. Labda mashine.”

“Mashine hapana,” alisema baba. “Mashine imenigombanisha na mke wangu.”

Muuzaji alicheka akidhani ni mzaha. Baba akaomba vyote visivyoshika kutu vitolewe. Kisha akafanya kitu cha ajabu. Alikunja vidole nusu, kama mtu aliyeshika chungwa, akaviacha hivyo hivyo, na akawa anapachika kisu kimoja kimoja kwenye mkono ule, anautikisa. Kikidondoka, anakisogeza pembeni. Vilidondoka vingi. Muuzaji alinitazama, nami nikatazama dari. Nilijua tu mzee wangu ameanza kuzeeka kwa upande wa kichwa.

Kilichobaki kilikuwa kisu ambacho mimi nisingekiangalia mara mbili. Kifupi, bapa lake halizidi kiganja, tumbo lake pana kidogo kwa kuchunia, ncha imeshuka kidogo ili isitoboe utumbo. Chuma kinapita hadi mwisho wa mpini, na mpini ni wa mpira mnene, wenye mikwaruzo ya kuzuia kuteleza, hauna vijitundu vya kufichia damu. Unakisuuza bombani, unakifuta, basi. Baba akaomba kinolewe mbele yake, akainamisha kichwa asikilize. Muuzaji akakipitisha kwenye jiwe kwa wepesi na makali yakaja upesi.

“Lakini hiki ni cha kawaida, mzee,” alisema, kama anayemwonea huruma. “Chuma chake laini kidogo. Kila ukitoka porini utahitaji kukigusagusa kwenye jiwe. Ni kidogo tu, hakitaki nguvu, ila kitakuhitaji.”

“Nifungie hicho,” alisema baba.

Tulikuwa tumeshafika kona ya mtaani kwetu nilipomwona bado anatembea na vidole vyake vimekunjwa nusu, na hapo ndipo akili yangu ilipofunguka. Ule haukuwa mkono wake. Ule ulikuwa mkono wa mama. Nilimshika baba yangu kiwiko. Nilimshukuru Mungu kwa baba huyu, na kwamba vidonge vyote nilivyompa alivimeza bila kunirudishia hata kimoja.

Mama alikitazama kisu juu ya meza ya jikoni. “Kizuri,” alisema. “Kinang'aa.” Kisha akachukua kinoo chake, akaanza kukifunga kwenye kitambaa polepole, fundo halikubali vidole.

“Unakipeleka wapi?” aliuliza baba.

“Kinapumzika. Si umepata kisichoshika kutu?”

Baba akavua kofia. “Muuzaji alinionyesha kisu kisichohitaji mtu msimu mzima. Nikajiuliza, nikirudi nacho nyumbani nitakaa na nani pale ngazini? Nikamwachia mwenyewe. Hiki kinakuhitaji. Kidogo tu, lakini kinakuhitaji. Kishike.”

Kwa baba, hiyo ilikuwa hotuba ya mwaka. Mama alikishika shingo upande, bila hata kujisumbua kukunja vidole, na kisu kikakaa. Akautikisa mkono. Kikakaa. Akauinua mpini hadi karibu na macho.

“Unene gani huu? Kama shingo ya bata.”

“Ndiyo maana nimeuchukua.”

Wakatoka nje hadi kwenye ngazi. Mama alitandika kitambaa kibichi, na baba, ambaye tangu waoane hajaruhusiwa kukigusa kinoo hicho, akapiga magoti na kukishikilia kwa mikono yote miwili ili mke wake asihangaike nacho. “Usitikise, mzee.” “Sitikisi.” “Unatikisa.” Kinoo kikasema, kikasema, na hakikunyamaza njiani. Nilikimbilia karatasi kabla sijaagizwa. Mama akashusha kisu, karatasi ikapasuka kimya.

“Kimeiva.”

“Asante,” alisema baba.

“Asante ya nini? Kazi yenyewe ilikuwa hii tu.”

“Ya tangu buchani.”

Mama alikifuta kisu, akakifuta tena, kisu kilichokwisha kauka. Mimi nilirudi kwenye cherehani yangu kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na kuna vitambaa vya watu visivyotaka kulowa.

Waliporudi kutoka porini safari iliyofuata, tuliwasikia kabla ya kuwaona. Dereva wa lori alikuwa anapiga kelele toka barabarani, ameibeba ngozi juu kwa juu kama bendera. “Haina tundu! Jamani, Wembe amerudi!” Akamtandika baba kofi la mgongo mbele ya mlango wetu, na wenzake wakaitikia.

Baba aliiweka mizigo chini. “Wembe si mimi,” alisema. “Hajawahi kuwa mimi. Mimi hata kunoa sijui, hicho kisu mke wangu ndiye anayekinoa tangu mnijue. Wembe yuko jikoni.”

Dereva alitazamana na wenzake, mdomo wazi. Kisha akampa mtu ngozi, akazunguka nyumba hadi mlango wa nyuma, akavua kofia yake, na lile jitu zima likainama kwenye mlango wa jikoni kwetu.

“Shikamoo, Wembe.”

“Marahaba,” alisema mama. “Na vua viatu, nimepiga deki.”

Kwenye marahaba sauti yake ilitetemeka kidogo. Kwenye viatu ilikuwa imara.