Bulangeti Ine ku Kamba

Leo asubui nilinyanyua mukono juu ya mutoto yangu, nimupige. Iko na myaka sita, alikojola tena ku matela ya kulalia, na minye nilikuwa naogopa kuchelewa ku kazi. Lakini hakulia. Aliangalia dirisha, aone kama batoto ba avenue banaisha kutoka inje. Rafiki yangu, ile macho naiyua. Njo ilikuwa macho yangu ya butoto. Mukono ilibakia juu, sikuyua tena niiweke wapi.

Naandika mbio, sipendi kuzunguka. Tulikuwa tunaikala Kikula, ile myaka kampani ya mugodi ilikuwa hailipe tena bantu. Papa alienda Kakanda kutafuta kazi, alituacha na mama, na kambo, ule mama mwenye alimuzala papa. Nilikuwa na bayaya babili, bakubwa bangu. Minye nilikuwa na myaka munane, na tangu papa aliondoka, kila asubui nilikuwa naamuka mu mayi ya mukojo.

Avenue yetu ilikuwa na desturi yake. Mutoto mukubwa akikojola ku matela, banamubebesha bulangeti yake ku kichwa. Bengine banamufuata na kupiga makopo, banaimba jina yake lupango kwa lupango, kila kiwanja ya nyumba, na bamama banamutilia chumvi mu mukono. Balikuwa banasema kupata haya njo inaponesha. Mutoto ya jirani balimufanyia vile mara mbili. Hakupona. Alianza tu kucheza peke yake nyuma ya choo yabo.

Siku moja mama alichoka. Hakuwa mubaya, mama. Robine ilikauka, alikuwa anaenda kuchota mayi mbali, na sabuni ilikuwa inauzishwa kipande sawa kidole. Aliniambia: "Weye, ukikojola tena kesho, nitaita batoto minye mwenyewe."

Kesho yake nilishika chini yangu: mayi. Inje nilisikia kopo inalia. Pengine ilikuwa tu mutu anasugua sufuria. Nilibakia palepale, niliuma bulangeti na meno.

Kambo aliingia. Alivuta bulangeti yangu, akavuta ya bayaya na benye bado ndani.

"Kambo, yangu iko kavu," yaya mukubwa akasema.

"Itapata mayi sasa hivi."

Akaenda kuleta na yake, ile ya rangi ya majivu. Akatumbukiza yote ine mu beseni, akachukua sabuni, akaanza kufula. Mama alisimama ku mulango.

"Mama bukwe, ile sabuni ilikuwa ya juma yote."

"Basi juma inaisha leo."

Bulangeti ine ku kamba, toka ku muti ya papai mpaka ku choo. Mama jirani, mama ya ule mutoto, alipitisha kichwa juu ya ukuta ya lupango. "Ee, kambo, mu hii nyumba banakojola bote?"

"Wa kwanza ni minye," kambo akajibu, anaendelea kukamua. "Uzee, mwanangu. Ita batoto, nibebe yangu nizunguke nayo. Chumvi inatuishia."

Mama jirani alicheka mpaka akakamata ukuta. Makopo haikulia. Nyuma ya mulango, minye nilisikia yote. Ule muntu, mwenye bote banaheshimu, alichukua haya yangu akaivala sawa kikwembe.

Ilikuwa vile kila asubui. Nilikuwa namusaidia kukamua, minye huku, eye kule. "Kaza, weye njo uko na nguvu," alikuwa ananiambia. Mu katikati ya kukamua, alikuwa ananiuliza juu ya papa, na minye nilikuwa nasema bintu yenye sikuambia muntu mwengine. Siku gani niliacha kukojola? Ata leo siyui. Kambo aliendelea kufula yote ine mpaka papa alirudia. Hakuna mwenye alihesabu, ata minye.

Papai yetu ilikuwa na majani tatu, ine tu, kule juu kabisa. Na kambo alikuwa ananukia majani mabichi. Nilikuwa nafikiri njo harufu ya bazee. Nilikuwa tayari mu masomo ya secondaire wakati mama aliniambia: fungu ya kambo ya sabuni ilikuwa inaishia mu zile bulangeti. Eye alikuwa anaoga na majani ya papai, anaisugua mu mayi mpaka inatoa povu. Karibu mwaka muzima. Niliweka tonge ya bukari chini, sikumaliza kula.

Mwaka kambo alikufa, papai ilijaa majani. Bapita njia balikuwa banaisifu. Kisha lupango iliuzishwa, papai ikakatwa, na sabuni leo iko ku kila kona.

Basi leo niliteremusha mukono. Nilitia bulangeti ya mutoto yangu mu beseni, na yangu juu yake. "Mama, yako iko kavu," akasema. Akashika upande moja, minye ingine, tukakamua. Ku kazi nilichelewa. Mu njia nilinusa mikono yangu.

Sabuni tu.