Mama Ghorofa na gari linalodai keki ifungwe mkanda

Jua ndiyo kwanza linagusa mapaa, na Mama Ghorofa amesimama nyuma ya gari lake, boksi kubwa mikononi, anacheza kwa mguu mmoja. Mguu wa kulia unapita chini ya bampa, pale gari linapohisi mguu na kujifungua, unarudi. Unapita tena, unarudi. Anajaribu wa kushoto. Mlango wa buti umenyamaza kama vile haumhusu.

"Fungua basi, mwenzangu," analibembeleza. "Keki inaniua mikono."

Jirani anayefagia ng'ambo ya ukuta mfupi anasimamisha ufagio wake. "Leo ni muziki gani, mama?"

"Ule ule wa Jumamosi!" anajibu bila kugeuka.

Safari hii mlango unalia ti-ti-ti, kisha unanyanyuka wenyewe taratibu, kama mtu mzito anayeamka usingizini. Mama Ghorofa anapumua. Analaza boksi juu ya mkeka wa mpira, analitikisa kidogo kuhakikisha halitelezi, kisha anarudi jikoni kufuata la pili.

Boksi la pili linakaa kiti cha mbele. Hapo napo kuna kazi. Kiti kikihisi uzito kinadhani amekaa mtu, na mtu asipofunga mkanda gari linapiga kelele mpaka mwisho wa safari. Kwa hiyo mama huyu wa miaka hamsini na minne anaivutia keki mkanda, anaubana, na kuipigapiga begani.

"Keki mbele, mume nyuma," anasema, na mabega yanamtikisika kwa kicheko. "Ndoa yetu ndipo ilipofika."

Mume mwenyewe anatoka ndani, shati limenyooshwa, kiganja kimoja kikipapasa ukuta. Anakaa kiti cha nyuma, anapokea boksi dogo kuliko yote na kuliweka mapajani. Ndani yake mna kighorofa cha juu cha keki, chenye maua ya sukari ambayo mkewe ameyafinyanga moja moja.

Jina la Mama Ghorofa alipewa na wateja. Wengine mtaani huoka keki za bapa. Yeye huzipandisha ghorofa, mbili, tatu, na mara moja, kwa harusi ya watu wenye makuu yao, tano. Kazi hii ameifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, akianzia kwenye oveni ya bati iliyopaliwa makaa juu na chini.

Kuoka hakujawahi kumshinda. Kilichomtesa ni kusafirisha. Alikodi teksi ambazo madereva wake walikuwa na haraka zao. Alipanda pikipiki akiwa amekumbatia boksi kama mtoto mchanga. Ghorofa ngapi zilibomoka njiani, hapendi kukumbuka.

"Unakesha na keki, unaipamba mpaka macho yanauma, halafu shimo moja tu barabarani linakurudisha mwanzo," anasema. "Nikaapa, kabla sijazeeka nitaendesha gari langu mwenyewe."

Alijiunga na shule ya udereva akiwa mkubwa kuliko mwalimu wake. Akafeli mara ya kwanza, akarudi. Akiba yake ya muda mrefu, pamoja na mchango wa binti yake na mwanawe wa kiume, vikaleta gari lililotumika kutoka ng'ambo, jeupe, safi, halina hata mkwaruzo.

Ila lilikuja na mdomo.

Ndani yake mna sauti ya mwanamke mpole anayezungumza lugha ya huko lilikotoka, lugha ambayo nyumba nzima haijui hata salamu yake. Ukiliwasha, anasema. Ukirudi nyuma, anasema. Ukilizima, anatoa sentensi ndefu, kwa utaratibu kabisa, kama anayekukanya.

"Miezi ya kwanza nilikuwa namuomba radhi," anasimulia Mama Ghorofa. "Sijui kosa langu, lakini naomba tu yaishe."

Kisha zikaja taa. Asubuhi moja iliwaka taa ya njano yenye umbo ambalo yeye, kwa macho ya mpishi, aliliona ni sufuria, na katikati ya sufuria alama ya mshangao. Alikuwa ameshafika njia panda. Aligeuza gari mbio mpaka nyumbani, akaingia jikoni akihema, akifungua oveni moja baada ya nyingine.

"Nilidhani linaniambia kuna kitu kinaungua!"

Oveni zilikuwa zimezimwa, zimepoa. Mjaza upepo wa pale njia panda ndiye aliyemweleza baadaye, kwa upole mkubwa, kwamba ile si sufuria bali ni tairi, na kwamba la nyuma kushoto lilikuwa limepungua upepo.

Lakini lililomtia adabu zaidi ni la breki. Gari hili lina macho mbele. Likihisi kitu kimekatiza, linajifunga breki bila kumuuliza mtu. Siku hiyo alikuwa amebeba keki ya kumuaga mwalimu mkuu aliyekuwa anastaafu. Mkokoteni ukakatiza mbele.

"Mimi nilishauona. Nikawa najiandaa kukanyaga taratibu, vile ninavyokanyaga nikiwa na keki. Lenyewe halikungoja. Lilisimama kwa! Nikasikia boksi nyuma linafanya pu."

Alipofunua, keki ilikuwa nzima, ila upande mmoja ulikuwa umebusu ukuta wa boksi. Maandishi ya krimu yalisomeka "Hongera Mwalimu" wakati anatoka nyumbani. Sasa herufi mbili za katikati zilikuwa zimefutika, na keki ilikuwa inawaambia watu wazi wazi: Honga Mwalimu.

Aliingia ukumbini na mfuko wa krimu mkononi na machozi karibu. Mwalimu mwenyewe akaisoma, akavua miwani, akaisoma tena, kisha akaanza kucheka mpaka akatafuta kiti.

"Iache hivyo hivyo, mama," akamwambia. "Nimefundisha maisha yangu yote, hakuna aliyenihonga hata pipi. Acha leo watimize."

Vituko hivi vyote Mama Ghorofa alivirudisha nyumbani jioni kumsimulia mumewe. Na mumewe, ambaye zamani hakuna aliyempita kwa kucheka, alikuwa akisema tu, "Aha," na kugeukia redio yake.

Mtaani wanamwita Mzee Kona. Aliendesha malori ya masafa marefu kwa miaka thelathini, na wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuna kona aliyoiingia bila kupiga honi, hata iwe saa ambayo barabara haina kiumbe. Presha ya macho ndiyo iliyomshusha kwenye usukani. Ilimnyang'anya kuona polepole, kutoka pembeni kuja katikati, mpaka kikabaki kiasi cha kutofautisha mwanga na kivuli.

Siku gari jeupe lilipoletwa, alilizunguka lote kwa mikono. Akapapasa bodi, vioo, matairi. Akafungua mlango, akakaa mbele ya usukani, akauliza, "Ufunguo unachomekwa wapi?"

"Hauchomekwi," mkewe akamjibu. "Unakaa nao mfukoni, unabonyeza kitufe."

Mzee akaachia usukani. Kisha akashuka na kuingia ndani. Tangu siku hiyo hakulipanda. Akitaka kwenda kliniki, anatembea na mkongojo hadi barabarani kupanda magari ya watu.

"Nilijua siyo gari analolikataa," anasema Mama Ghorofa, na hapa sauti yake inashuka. "Alikuwa anaona kazi yake imechukuliwa, na hata aliyoiacha haipo tena. Sikumsukuma. Mume wangu ukimsukuma anaweka breki kama hilo gari."

Mambo yaligeuka Jumamosi moja ya harusi. Ghorofa tatu zilikuwa zimeshapakiwa. Shangazi wa bibi harusi alikuwa ameshapiga simu akiuliza keki iko wapi. Mama Ghorofa akakaa, akakanyaga breki, akabonyeza kitufe. Gari likalia mlio mfupi, likaonyesha picha ya ufunguo kwenye dashibodi, na yule mwanamke wa ndani akasema maneno yake kwa upole. Injini, kimya.

Akabonyeza tena. Na tena. Akampigia fundi, fundi alikuwa safarini, akamwambia asubiri mpaka jioni. Jua lilikuwa linapanda, na krimu na jua havijawahi kupatana. Shangazi akapiga tena. Mama Ghorofa akaegemeza kipaji cha uso kwenye usukani, akaanza kulia kwa hasira.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mzee Kona akatoka na mkongojo wake, akasimama kando ya dirisha la gari.

"Mke wangu, linasema nini hilo?"

"Nitajuaje? Linasema kwao!"

"Piga honi."

Akapiga. Honi ikaitika mtaa mzima.

"Washa taa. Zinawaka vizuri au zinafifia?"

"Zinawaka."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Basi gari ni zima. Betri ni nzima. Halijui kama wewe ndiye mwenyewe. Nipe huo ufunguo."

Akaupokea. Vidole vilivyofungua na kufunga nati za malori miaka yote vikaanza kuuzunguka ule ufunguo mdogo, taratibu, vikitafuta. Vikapata ufa mwembamba pembeni. Akaingiza ukucha wa dole gumba, ukafunguka vipande viwili kama njugu. Ndani akagusa kitu cha duara, chembamba, baridi.

"Kuna kibetri humu. Kama kifungo cha shati. Ningekuwa na kingine..."

Mama Ghorofa alishashuka. "Ngoja!" Alikijua kibetri hicho. Ni cha aina ile ile aliyokuwa akiiweka kwenye mizani yake ya jikoni, ile anayopimia unga na sukari. Akakimbia, akarudi na mizani nzima chini ya kwapa, akakichomoa palepale juu ya boneti, akampa mumewe. Mzee akakibana mahali pake, akaufunga ufunguo, akamrudishia.

Mkewe akakaa tena kwenye usukani, akabonyeza. Gari likaamka.

Yule mwanamke wa ndani akasalimia kwa lugha yake, na Mzee Kona, amesimama nje na tabasamu ambalo mkewe alikuwa amelikosa muda mrefu, akaitikia kwa sauti: "Na wewe habari za asubuhi!"

Walicheka wote wawili mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Kisha mkewe, akifuta machozi kwa khanga, akamwambia, "Ghorofa ya juu haina wa kuishika. Panda, baba."

Akapanda.

Njiani ndipo Mama Ghorofa alipogundua jinsi alivyokuwa ameuacha utajiri nyumbani. Mzee Kona haoni barabara, lakini anaisikia. "Punguza, lami inaisha hapa." "Sasa kuna tuta, lipande kwa ubavu." Gari lilipoanza kulialia kwa sababu ya lililo mbele, hakugombana nalo. "Umemkaribia sana mwenzio. Muachie nafasi. Likiona nafasi halitakuwa na haja ya kushtuka." Akaachia nafasi, na breki ile ya ghafla haikuja. Haijamharibia keki tena hadi leo.

Walifika shangazi akiwa amesimama getini, mikono kichwani. Ghorofa tatu zilipanda juu ya meza bila ufa. Kitu pekee kilichoharibika ni shati la Mzee Kona, lililopata ua moja la krimu kifuani, na akakataza lisipanguswe. Aliingia nalo harusini.

Tangu hapo hakosi Jumamosi. Gari amelipa jina, analiita Mkwe. "Unaliheshimu, unalihudumia, na hujui utaliudhi saa ngapi," anaeleza. Milio yake yote ameikariri. Anajua upi ni wa mlango, upi wa mkanda, upi wa taa zilizosahauliwa. Vibetri vya akiba vimo mfukoni mwake, vimefungwa kwenye karatasi.

Kulikuwa na jambo moja tu lililobaki fumbo: ile sentensi ndefu gari linapozimwa. Lilifumbuliwa kwenye harusi nyingine. Kaka wa bwana harusi, aliyewahi kusoma huko ng'ambo, alikuwa akiwasaidia kushusha maboksi. Mama Ghorofa akazima gari, mwanamke akasema yake, na kijana yule akatabasamu.

"Mama, unajua anachokwambia?"

"Ananigombeza, mwanangu. Nimeshazoea."

"Hapana. Anakupa pole kwa kazi. Anasema umechoka, asante, na angalia usisahau vitu vyako."

 Mzee Kona akasema polepole kutoka kiti cha nyuma, boksi bado liko mapajani, "Miaka thelathini nimelala ndani ya lori. Halikunipa pole hata siku moja."

Siku hizi likizimwa hawashuki kwanza. Wanalisubiri limalize, kisha wote wawili wanaitikia, "Tumeshapoa," ndipo wafungue milango.

Na sasa wana safari. Binti yao, anayeishi mbali, kwenye ile barabara kuu ambayo Mzee Kona aliipita na malori yake kwenda na kurudi, anatarajia kujifungua mtoto wa kwanza. Wateja wameshaambiwa kwamba mwezi ujao kuna wiki nzima Mama Ghorofa haoki. Hajawahi kuendesha nje ya mji, na hafichi kwamba moyo unamdunda.

Ndiyo maana jioni, vyombo vikishaoshwa, wanakaa barazani wakifanya mazoezi. Mzee anafumba macho ambayo hata hivyo hayamsaidii, anaiendesha barabara nzima kwa mdomo, na mkewe anasikiliza, mikono ikizungusha sinia kana kwamba ni usukani.

"Ukimaliza daraja, kuna mlima. Usiwe na haraka nao, waache wenye haraka wapite," anasema. "Ukifika juu kabisa, kulia kuna mahali pa kuegesha. Ingia hapo, uzime. Kuna upepo mzuri sana pale juu. Nilikuwa nikisimama kila safari, nasema, siku moja nitamleta mke wangu."

Mama Ghorofa anageuza sinia kulia, taratibu, na anaegesha.