Jumamosi za Kumtafuta Gaju

Mlio ulinifikia kwanza. Nilikuwa kwenye foleni ya magari Houston, karibu na Sharpstown, madirisha wazi kwa sababu kiyoyozi kilikuwa kimegoma, na mahali fulani nyuma yangu ng'ombe akalia: mlio mrefu wa manung'uniko, kama wa mtu aliyecheleweshewa chakula. Kabla lori lililombeba halijanipita, nilikuwa nimeshanusa nyasi zilizolowa, kahawa ya chupani na koti la babu yangu.

Miaka mingi kabla ya foleni hiyo nilikuwa msichana wa darasa la tatu, tukiishi kwenye maghorofa ya Vickery Meadow, Dallas. Dada yangu Riziki alikuwa amechumbiwa na Eliya, Mkongomani mwenzetu aliyefanya kazi kwenye ghala huko Houston. Mahari ilikwisha patanwa, ila Babu alishikilia neno moja: siku ya kukabidhi lazima awepo ng'ombe hai. Bila ng'ombe, hakuna arusi. Babu alichunga kwenye milima iliyo juu ya Uvira mpaka vita vikamwachia fimbo peke yake, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumbishia.

Eliya akanunua mtamba mwekundu, akamweka kwenye shamba la kukodi ng'ambo ya Fort Worth. Babu alikwenda kumtazama, akamlambisha chumvi kiganjani, akampa jina la Gaju. Juma lilelile dhoruba ikalaza uzio, na Gaju akahamia kwenye kundi la jirani, Bwana Hollis.

Eliya akaita sherifu, mkuu wa polisi wa huko. Ninyi mnaoishi Texas mnajua: kumwita mtu mwizi wa ng'ombe si utani. Bwana Hollis, mzee wa Kizungu mwenye kofia pana, alitetemeka ndevu. Alisema mababu zake waliwanyonga watu mtini kwa kosa hilo. Riziki alipomtafsiria, Babu alijibu kwamba kwao mwizi alikalishwa nyumbani kwa mwenye mali, akanyweshwa maziwa ya ng'ombe aliyemwiba, huku kila mtu akimtazama. Bwana Hollis alifikiri kidogo, akasema hiyo ya maziwa ni kali zaidi.

Shida ilikuwa ushahidi. Gaju hakuwa amepigwa chapa ya moto, na mitamba wekundu kadhaa wa Bwana Hollis pia walikuwa bado. Eliya, mzaliwa wa kambini na mtu wa maboksi, hakuweza kuwatofautisha. Alikuwa na picha moja kwenye simu: uso wake mwenyewe umejaa kote, akitabasamu, na nyuma ya sikio lake ncha ya pembe. Askari wa sherifu aliitazama picha ile kwa heshima kubwa, kisha akauliza nani anaweza kumtambua ng'ombe. Wote tukamgeukia Babu.

Babu akapita kati ya mitamba taratibu, mikono mgongoni. Akarudi akitikisa kichwa. "Hapana yeye," alisema. "Wote hawa, hapana yeye."

Basi kila Jumamosi tukarudi. Riziki aliendesha gari, Babu akakaa mbele akimsimulia habari za milimani, mimi nyuma na kuku wa kukaanga wa kituo cha mafuta. Babu alikagua, akatikisa kichwa, kisha akaketi na mshtakiwa wake nyuma ya pikapu wakinywa kahawa, Riziki katikati akitafsiri. Arusi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Eliya alikonda.

Jumamosi moja mtamba mmoja alimfuata Babu kando ya uzio mzima, akimsukuma mfukoni kwa pua. Nikamuuliza mbona huyu hamwachi.

"Ni chumvi tu," Babu alisema upesi.

Riziki akasimama mbele yake. "Babu, hujamwona, ao hutaki kumwona?"

Babu alijishughulisha na kifungo cha koti. "Houston ni mbali," alisema.

"Na huyu Bwana Hollis watu wanamuita mwizi."

Babu akavua kofia. Akaita kwa sauti ndogo, "Gaju," na mtamba akaweka kidevu begani mwake. Askari wa sherifu, aliyekuja siku hiyo na kusimama na Bwana Hollis kando ya uzio, akauliza mzee amemtambua tangu lini.

"Tangu siku ya kwanza," alisema Babu.

Riziki akamgeukia askari, akamwambia kwa Kiingereza safi kwamba mzee anasema sasa ana hakika.

Nilidhani macho ya Babu yalikuwa yamezeeka. Sikujua kwamba katika nchi hii Riziki ndiye aliyekuwa mdomo wake, na kwamba zile Jumamosi Babu aliziiba moja moja, mwizi pekee katika kesi nzima. Siku ya arusi Bwana Hollis alikuja na shati lililopigwa pasi na galoni ya maziwa. Alimimina glasi moja, akamwekea Babu mbele, akakaa kumtazama. Babu akainywa yote, bila kupumzika, macho yake yakiwa kwa Riziki aliyekuwa akivaa viatu kizingitini aondoke na Eliya. Alipoishusha glasi, mlango ulikuwa umeshafungwa.