Siku Niliyotoa Viti Nje

Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mama anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, mbele ya nyumba yake, aliniuliza siku moja ninasomea nini kwenye ile kompyuta. Mimi ni mwalimu wa hesabu na uongo unanichosha, nikamjibu ukweli: ninasomea nadharia ya kaos, yaani vurugu.

"Fujo?" alisema, akaweka mikono kiunoni. "Mama, weye unalipa bazungu juu bakufundishe fujo? Si ungekuya tu ku soko ya hapa Kikula? Kule iko ya bure."

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia vurugu hii ina sheria zake. Unapima kitu leo, unakosea kidogo tu, kosa ambalo hata jicho halilioni, na kosa hilo linakua na kukua hadi huwezi tena kujua kesho itakuwaje. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema kitu hicho kwao kanisani kinaitwa zambi, na kwamba kikundi chake cha maombi kitaniweka mikononi mwa Bwana. Nilimshukuru, nikanunua makala.

Shule yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta. Chuo kilikuwa Ulaya, na sikuwahi kuona hata mlango wake. Wahadhiri walipenda sana kutusimulia habari za kipepeo anayepiga mabawa huku na tufani ikaangusha nyumba kule. Mimi nimekulia Likasi, ambako malori ya madini yanapita mchana kutwa na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chumvi, na sijaona bado kipepeo aliyeharibu kitu. Mwanafunzi mwenzangu mmoja aliwahi kuomba radhi mbele ya darasa zima kwa kuchelewa, kwa sababu paka wake alipita juu ya kompyuta. Wote wakampa pole. Siku hiyo mimi nilikuwa juu ya kilima, mwavuli mkononi, nikitafuta mtandao.

Lakini shahada ile niliitaka, sitaficha. Katika taasisi ninakofundisha nimeitwa msaidizi kwa miaka mingi hivi kwamba watoto niliowafundisha kutafuta x sasa ndio wanaonipangia ratiba. Mkurugenzi alikuwa ameniahidi: leta masters, utapewa kozi yako mwenyewe na mlango wenye kitasa. Nilibakiza mtihani mmoja tu. Mara ya kwanza umeme ulikatika katikati ya swali la pili, na chuo kikaniandikia kwa adabu kubwa kwamba nafasi iliyobaki ni moja. Nikishindwa, au kikao kikikatika tena, naondolewa kwenye programu na yote niliyosoma yanakwenda na maji.

Basi nikazisoma sheria za mtihani kama msichana anayejiandaa kupokea komunyo ya kwanza. Chumba kiwe kitupu: meza moja, kiti kimoja, kuta wazi. Masikio yaonekane yote mawili, ili wajue hakuna mtu anayekunong'oneza. Sauti ya mtu mwingine isisikike. Ukisimama, kikao kinafungwa. Ukifungua mdomo, unaandikwa. Hata wafungwa wa Buluo nadhani wanaruhusiwa kukohoa.

Na kikohozi ndicho kilichonitia wasiwasi, kwa sababu ya baba. Tulikuwa tunaishi wawili tu, yeye na mimi. Alifanya kazi kiwandani maisha yake yote, na kiwanda kilipomwacha kilimwachia kifua kinachonguruma asubuhi hadi mtaa mzima unajua kumekucha. Kompyuta ingemsikia ikadhani ni mtu ananipa majibu kwa lugha ya siri.

"Papa," nilimwambia Jumamosi ile asubuhi, "uende ukakohoe ku Panda, kwa rafiki yako."

Alicheka. Akavaa kofia yake, akapanda pikipiki ya kukodi.

"Nitakohoa kule mpaka upite," alisema.

Alipoondoka nilianza kazi. Nilitoa viti vyote nje, uani, nikabakiza kimoja na meza ndogo ya mtihani. Nilitoa meza ya kulia, kabati, televisheni, na kochi lake baba, ambalo nililigeuza miguu juu ili kuku wasilikalie. Nilishusha kalenda na picha ya Bikira Maria. Kisha nikavua perruque, nywele zangu za bandia, na hereni kwa ajili ya masikio yangu, nikafunga kitenge cha zamani kwa sababu ya vumbi. Jirani yangu alikuwa anapanga makala yake. Alinisalimia kwa sauti. Saa ilikuwa imefika, nikainua mkono tu bila kufungua mdomo, nikaingia ndani na kufunga mlango.

Mtu yeyote wa kwetu anayesoma hapa ameshaelewa. Mimi, niliyezaliwa Likasi, niliyekaa chini kwenye mikeka ya vilio vingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, sikuelewa. Kwetu viti havitolewi vyote nje kwa sababu ya mtihani. Sebule inaachwa tupu siku moja tu: siku ya kifo, ili wanawake watandike mikeka wakae chini na kulia, na wanaume wakae uani kuzunguka mbabula, lile jiko la makala. Waswahili husema msiba wa kujitakia hauna kilio. Wangu ulikuwa nacho, na nyimbo juu.

Niliandika vizuri. Swali la kwanza, la pili, la tatu, mkono ulikimbia wenyewe. La nne lilitaka mfano kutoka maisha ya kawaida, wa kosa dogo la mwanzo linalofanya mwisho usitabirike. Nilikuwa ninafikiria mfano wa maana, wa mito na mvua, niliposikia sauti ya kwanza.

"Yooo! Papa alienda! Muzee wa usine alienda, yooo!"

Nilimjua mwenye sauti, ni yule jirani. Nikajiambia wazee waliofanya kazi kiwandani wamejaa Kikula, haiwezi kuwa wangu. Niliandika neno "mvua". Sauti ya pili ikaja, kisha ya tatu, zikawa nyingi, na zote zilikuwa uani kwangu. Nikasikia viti vinaburutwa. Kwenye kona ya kompyuta likatokea onyo jekundu: kuna kelele katika chumba chako, tafadhali omba wenzako wanyamaze.

Nilibaki nimekaa. Ninasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: mwili ulikaa, macho kwenye kioo, na kichwa kilipiga hesabu. Pikipiki. Barabara ya Panda na malori yake. Kifua kile. Na maneno ya mwisho niliyomwambia ni kwamba aende akakohoe kwa watu. Hapo hesabu zilikwisha. Sikujali tena kozi wala mlango wenye kitasa. Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu, na kompyuta ikaandika kwamba kikao kimefungwa, asante kwa ushiriki wako.

Sikufika hata mlangoni. Ulifunguliwa kutoka nje, na wanawake wakamwagika ndani na mikeka yao, wakanikumbatia, wakanikalisha chini, wakalia. Mmoja aliichukua kompyuta yangu akaiweka chini ya meza na kuifunika kitenge, kwa sababu kwenye vilio vitu hupotea. Kupitia mlango niliona wanaume wamekaa kwenye viti vyangu nilivyowatolea mwenyewe. Mbabula ilikuwa imeshawaka.

"Alifia wapi?" nilimwuliza jirani.

"Si weye njo unajua?" alisema, machozi yakimtiririka. "Tunakuuliza weye."

"Sasa nani alikwambia?"

Alimwonyesha mwenzake. Mwenzake akamwonyesha mwingine aliyekuwa mlangoni, na huyo wa mlangoni akamwonyesha yeye mwenyewe jirani. Nilimpigia baba simu. Iliita hadi ikakatika. Nilipiga tena, ikaita vilevile.

"Mama," nilimwambia jirani, "juu ya nini munalia?"

"Viti!" alisema kwa hasira ya mtu anayeulizwa jambo lililo wazi. "Ulitoa viti yote inje. Fauteuil ya muzee uliigeuza miguu juu. Hauna perruque, hauna hereni, nilikusalimia haukujibu. Tungefikiri nini? Eti uko unaolewa?"

Nilitaka kucheka na sikuweza, maana simu ilikuwa bado haipokelewi. Uani, kikundi cha maombi kilikuwa kimeanza nyimbo zake, na akina mama wa parokia, waliokuwa wamefika na sare zao, walianza zao kwa sauti ya juu zaidi. Baba ni Mkatoliki tangu kubatizwa. Lakini mwongozaji wa maombi alikuwa anamweleza kila aliyeingia kwamba mzee alitubu kwake faraghani, karibuni tu, karibu na makala. Ubishi wa nani atamzika ulikuwa umeshapamba moto.

Ndipo pikipiki ikaingia. Baba alishuka kabla haijasimama, akayumba, akashikwa na wanaume wawili. Hakuwa na kofia. Kiatu kimoja kilibaki njiani. Alikuwa analia wazi kama mtoto, na alipita katikati ya watu waliokuwa wanamlilia bila kumtazama hata mmoja wao, wakimpisha midomo wazi, hadi akanikuta mimi kwenye mkeka.

Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Alingoja pumzi imrudie.

"Balinambia kilio iko kwangu," alisema. "Mu nyumba tuko babili tu. Kama mwenye kufa haiko minye, njo weye."

Sikuwa nimewahi kumwona baba yangu akilia, hata mama alipofariki. Nilimwegemea nikalia na mimi, na wanawake wote, waliokuwa wameshanyamaza, wakaanza upya kwa kuwa ilionekana inafaa.

Kilichofuata ni aibu kidogo kusimulia. Mwongozaji wa maombi alipanda juu ya kiti akatangaza ufufuko. Akina mama wa parokia wakajibu kwamba kama ni ufufuko, basi ni wa rozari waliyoanza wao. Baba, aliyekwisha kukaa kwenye kochi lake, alikuwa anawachungulia waombolezaji mmoja mmoja, na aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini binamu yake wa Shituru hajafika. Na kwa kuwa watu hawawezi kutoka kwenye kilio na njaa, hata kilio cha mtu mzima, tulipika bukari, yaani ugali, na samaki wa Kapolowe waliokuwa wangu wa mwezi mzima. Jirani yangu alitoa makala na hakukubali malipo. Alisema mambo ya kifo ni ya wote.

Niliandikia chuo siku iliyofuata, nikaeleza yote bila kupunguza, pamoja na kochi. Niliwaambia pia kwamba huu ndio mfano wa swali la nne, kama bado wanauhitaji. Walijibu haraka. Walisema wanasikitika. Sheria inaruhusu kurudia mtihani kwa mwanafunzi aliyefiwa na mzazi. Niwatumie tu cheti cha kifo kabla ya mwisho wa mwezi.

Nilimtafsiria baba. Alikuna kidevu, kisha kikohozi kikamshika, kikamwachia.

"Mwisho wa mwezi iko karibu sana, mwana yangu," alisema. "Sitaweza."

Alicheka mwenyewe hadi akashika mbavu. Halafu akawa makini. Alisema kule kwenye ofisi ya komini anamjua karani, rafiki wa zamani, ataandika tu kwamba yeye amekufa. Nikatikisa kichwa.

"Juu ya nini unakataa?" aliniuliza. "Karatasi tu. Minye nitakuwa hapa nakula bukari vile vile."

Nilijua inawezekana. Nilijua hata ingechukua asubuhi moja, na kule Ulaya hakuna ambaye angeuliza. Niliiwaza kozi yangu, na mlango, na watoto wanaonipangia ratiba, na ninakiri moyo uliniuma mpaka nikatoka nje kupumua hewa. Lakini nilikuwa nimeshasikia mara moja watu wakisema baba yangu hayupo, na nilikuwa nimeamini. Sikutaka kuiona ile sentensi tena, hata na mhuri, hata kwa faida yangu.

Nilirudi ndani nikafungua kompyuta. Niliandika kwamba sina cheti, kwa sababu baba yangu ni mzima. Walijibu siku hiyohiyo kwamba wamefurahi sana kusikia hivyo, wakafunga faili langu.