Kahawa Ukutani

Zahanati ya kijiji chetu ilikuwa ghala la kahawa la chama cha msingi cha ushirika. Chama kilipokufa, tukaligeuza. Nasema tukaligeuza kwa sababu mchanga wa kuta za ndani niliubeba mimi kichwani kutoka mtoni, tumbo limetangulia, nina mimba ya binti yangu wa mwisho. Viongozi walibeba mkasi wa kukatia utepe. Poleni kwa kazi.

Harufu ya kahawa haijatoka ukutani hadi leo. Kwa hiyo mwenye mafua hapa kwetu ana kipimo chake: anaegemea ukuta, anavuta pumzi. Akinusa kahawa, amepona. Daktari wetu, kijana mwenye vyeti vingi kuliko ndevu, kipimo hicho hakitambui. Hakikuwemo kwenye madaftari yake.

Mwaka huu mafua yenye kuuma koo yalinishika wiki ileile binti yangu huyo alipojifungua, baada ya kungoja miaka mingi. Na kwetu, bibi mzaa mama ndiye anayemwogesha mtoto. Nimeshaogesha wajukuu tisa, hakuna aliyeyeyuka.

"Bibi, pumzika, kunywa maji mengi," daktari akaniambia. "Ukikohoa, ziba kwa kiwiko. Nawa mikono kwa sabuni. Mtoto mchanga usimkaribie mpaka homa na kikohozi viishe. Ukibanwa kifua, rudi upesi."

"Na sindano?"

"Mafua haya hayataki sindano, bibi."

Nipumzike, msimu wa kuchuma kahawa! Labda kahawa nayo ingenisubiri shambani kwa adabu.

Huku nyuma mkwe mwenzangu, mama yake baba wa mtoto, akashuka kutoka Tunduma na beseni jipya na mafuta ya mtoto ya ng'ambo ya mpaka. Akaanza kumwogesha mjukuu wangu kama anasuuza kikombe cha kuazima. Mimi namwangalia dirishani!

Siku ya tatu nikarudi zahanati, kikohozi nimekimeza njia nzima. Nikakuta benchi la wagonjwa limetolewa nje na akina mama wamejifunika pua kwa vitenge. Nikasema moyoni, afadhali wamejifunza ustaarabu. Nikapita moja kwa moja ndani, nikaegemea ukuta, nikafumba macho.

"Nimepona. Nanusa kahawa."

Daktari akaniangalia. "Kahawa tu, bibi?"

"Kahawa tu. Tena daraja la kwanza."

Akina mama mlangoni wakaangua kicheko. "Bibi, hebu geuka tuuone mgongo!"

Mgongo mzima ulikuwa wa bluu. Mafundi walikuwa wamemaliza kupaka rangi ya mafuta asubuhi ileile, harufu imewakimbiza watu wote isipokuwa mimi. Nikataka kujitetea, kikohozi kikanitangulia.

"Kwa hiyo mtoto?" nikauliza kilipoisha.

"Mtoto bado, bibi," daktari akasema, naye hakucheka. "Kifua chake ni kidogo sana kwa kikohozi hicho."

Mtoto huyo nimemsubiri kuliko daktari alivyosubiri vyeti vyake.

Jioni nikaketi ng'ambo ya uwanja, chini ya mti wa kwanza wa kahawa, na kitenge changu cha bluu. Mkwe mwenzangu akaleta beseni na mtoto mlangoni ili nione.

"Shika shingo!" nikapiga kelele. "Shingo! Maji yamepoa hayo! Nyuma ya masikio hujafika!"

"Mkwe," akanijibu bila kuinua kichwa, "koo si tuliambiwa linauma?"